Sauti Iliyofunikwa Blanketi

Siku mbili kabla ya harusi ya binti wa Alio, Kulow aligundua kwamba gitaa lake limekufa.

Si kwamba lilivunjika. Nyuzi zote sita zilikuwepo, shingo imenyooka, na waya umechomekwa pale unapochomekwa kila siku. Lakini alipopiga, sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa kama ya mtu anayeimba huku kafunikwa blanketi. Akapiga tena. Blanketi. Akazungusha trebo, kile kitufe cha sauti nyembamba, mpaka katikati, akapiga, blanketi lile lile, pengine na shuka juu yake. Kulow akaliweka gitaa kitandani, akakikodolea macho kisanduku cheusi kilichokuwa mezani, akakitukania mama yake, kana kwamba visanduku vina mama.

Kisanduku chenyewe hakikuzidi ukubwa wa kopo la biskuti. Mdogo wake, Abdimalik, alimtumia kutoka ng'ambo baada ya umeme wa jenereta kuiunguza amplifaya yake kubwa. Kazi ya kisanduku ni kuiga. Unakichomeka kati ya gitaa na spika, nacho kinatoa sauti ya zile amplifaya za zamani, zenye taa za kioo ndani. Kulow alikaa nacho miezi mitatu, anazungusha na kusikiliza, anazungusha na kusikiliza, mpaka siku moja kikatoa sauti ya amplifaya yake mwenyewe, marehemu. Akaihifadhi humo kwenye namba moja. Tangu hapo Garissa nzima iliijua sauti ile. Mtu alikuwa akipita nje ya ua wenye harusi anasema, "Huyo ni Kulow," bila kuchungulia.

Sasa Abdimalik, kwa wema wake, alikuwa ametuma chipu mpya na barua. Ndugu yangu, hii ni programu ya toleo la pili, sauti zake ni za kweli zaidi. Siyad, fundi wa redio, ndiye aliyeitia Jumamosi. Na Siyad alimwonya mapema: programu mpya ikiingia, sauti alizohifadhi zitafutika zote.

"Nitaziunda tena," Kulow alimjibu siku hiyo, maana ile ya zamani nayo ilikuwa imeanza kumfifia, akidhani kisanduku kimechoka. "Masikio si ninayo?"

Na leo ni Jumanne, na masikio yalikuwa yanamwambia kwamba Siyad ni muuaji.

Vitu vya siku hizi! Hakuna kinachodumu. Hata saa yake ya mkononi, ile ya namba, ilikuwa imeacha kile kilio chake chembamba. Nasteho, binti yake, alikuwa ameitega imkumbushe sala ya magharibi, na miezi mingapi sasa ilikuwa haimkumbushi chochote. Alimpelekea Siyad atie betri. Siyad akaitazama, akabonyeza, akasema kwa heshima, kama kwa ami yake, "Adeer, hii ni nzima." Nzima! Fundi asiyejua saa iliyokufa, ndiye aliyefungua kisanduku.

Barwaqo, mkewe, aliingia kutoka soko la maziwa na madumu yake matupu.

"Siyad ameniua," Kulow alimwambia.

"Siyad? Amekufanya nini?"

"Sikiliza." Akapiga.

Barwaqo alisikiliza, dumu mkononi, jasho likimtiririka. "Mimi naona ni nzuri tu."

"Nzuri? Hii? Mwanamke, masikio yako ni ya kusikia bei ya maziwa."

Barwaqo alimtazama sikio lake, akageuka. Akaenda kuosha madumu. Kulow akabeba gitaa begani na kisanduku kwapani, akatoka mtaani kwao Galbet kwa miguu na jua la saa nane, akazidi kukasirika kila hatua.

Kibanda cha Siyad kilikuwa kwenye baraza moja karibu na soko, na mchana ule kilikuwa na watu. Kulikuwa na mama mmoja na redio yake iliyofungwa kwa raba, na mwalimu wa bara aliyekuwa akingoja pasi, na Kaltun muuza chai na birika lake. Kulow hakusalimia. Alikitua kisanduku juu ya meza, katikati ya skrubu na nyaya.

"Nirudishie sauti yangu."

Siyad alizima chuma chake cha kuchomelea. Alikuwa mtu mpole, wa miaka thelathini hivi, asiyejua kugombana. "Adeer, keti kwanza. Kaltun, mpe chai."

"Sikuja kunywa chai. Umeniharibia kitu. Nirudishie."

"Tusikilize basi." Siyad alichomeka kila kitu kwenye spika aliyokuwa nayo, akampa Kulow waya. Kulow alipiga ule mwanzo wa wimbo wa kumkaribisha bibi harusi, ambao mjini hakuna asiyeujua. Mama wa redio akatabasamu. Kaltun akasimama na kikombe mkononi.

"Mbona tamu?" Kaltun alisema.

"Wewe pika chai yako."

"Adeer," Siyad alisema, "wallahi kisanduku ni kizima. Sauti zako za zamani zimefutika, hilo nilikuambia. Lakini hii sauti ni safi. Hata ukizidisha trebo kidogo tu itaanza kukwaruza."

"Kukwaruza! Haina hata meno ya kukwaruzia."

Mwalimu wa bara, ambaye hakuulizwa, akacheka. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," akasema kwa Kiswahili chake cha darasani.

Kulow akamgeukia, naye akajibu kwa Kiswahili chake cha kubabaisha. "Wewe mwalimu, bole bole na maneno. Hii si jua. Hii ni fundi mbaya." Kisha akarudi kwenye Kisomali chake na kupaza sauti, ili hata walioko ng'ambo ya barabara wapate. "Watu wa Garissa! Msimpe huyu vitu vyenu! Atavirudisha maiti, halafu awaambie ni vizima!"

Yule mama alimtazama Kulow, mtu mzima mwenye ndevu zilizotiwa hina, mtu aliyempigia gitaa siku alipoolewa. Polepole akanyoosha mkono, akaichukua redio yake juu ya meza ya Siyad, akaondoka nayo. Siyad hakumzuia. Alianza kuzikusanya skrubu zake moja moja.

"Mungu anaona, adeer," ndilo neno pekee alilosema.

Hared alimkuta Kulow pale pale. Hared ndiye mwenye bendi na ndiye mwimbaji, mtu wa haraka, wa kuangalia saa. Pikapu ilikuwa inamngoja, anakwenda Dadaab na mpiga ngoma wake kwenye harusi ndogo ya ndugu, na angerudi Alhamisi mchana.

"Nasikia unapiga kelele kutoka sokoni. Kuna nini?"

"Huyu amekiua kisanduku."

Hared alimtazama Siyad, akamtazama Kulow, akamshika Kulow bega na kumvuta kando. "Sikiliza, walaal, ndugu yangu. Alhamisi ni ya Alio. Alio wa Takaba, si mtu wa mchezo. Ng'ombe kumi wanachinjwa. Amesema waziwazi anataka gitaa la Kulow, ile sauti, kama kwenye harusi ya mwanawe mkubwa. Ukimpa nyingine, ataona tumemdhihaki."

"Ataipata."

"Maana wiki jana kijana mmoja alinifuata na kinanda. Kinanda kile kina ngoma ndani, kina filimbi, kina gitaa pia. Nilimwambia bado nina mtu." Hared akatazama saa yake. "Nimemwambia bado."

Gitaa ndani ya kinanda! Kulow alirudi Galbet na neno hilo kooni kama mwiba wa samaki. Miaka ishirini ya kupiga, na mahali pake panaweza kukaliwa na kitu cha kubonyeza. Alikuwa hana ngamia, hana duka, na kusoma hakusoma. Alichokuwa nacho ni sauti ile moja, na watu kumtambua kwayo.

Jumatano alfajiri hakwenda popote. Aliketi kwenye mkeka, kisanduku mbele yake, anazungusha. Nasteho alirudi shule saa sita, akavua viatu, akasimama mlangoni na daftari kifuani. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na kitabu cha Kiingereza kilichokuja na kisanduku ni yeye aliyekuwa akimsomea baba yake.

"Aabo, nina kitu."

"Nini?"

"Zile namba za sauti yako ya zamani. Niliziandika siku ile ulipomaliza kuiunda. Besi nne, kati saba, trebo tano. Na aina ya amplifaya, na mwangwi. Zote ziko hapa."

Kulow alimtazama mtoto yule kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Moyo wake uliruka, haki ya Mungu uliruka. "Leta! Leta, mama yangu!"

Nasteho alipiga magoti, daftari wazi pajani, akaanza. Aliingiza namba moja baada ya nyingine. Programu mpya haikuwa sawasawa na ile ya kwanza, kwa hiyo alisikiliza, akapunguza besi nukta moja, akasikiliza tena, kichwa kimeinama. Kisha uso wake ukafunguka. "Hiyo! Aabo, ndiyo hiyo!"

Kulow akapiga. Blanketi.

"Siyo."

"Ndiyo hiyo, aabo, kabisa. Hata Hinda wa jirani ataijua."

"Nimesema siyo!" Alikuwa ametumaini, na hilo ndilo lililomtia ukali. "Unanifundisha mimi sauti yangu? Ulizaliwa ukaikuta! Mnakaa mnaandika namba kwenye madaftari, mnadhani muziki ni hesabu. Muziki ni sikio!"

"Lakini aabo..."

"Toka!"

Alizifuta zile namba mbele yake. Nasteho akachukua daftari akatoka, na Kulow akaanza upya, peke yake, kwa sikio. Akapandisha trebo mpaka saba. Afadhali kidogo. Nane. Tisa. Akapunguza besi, akapandisha tena. Na hapo, alhamdulillahi, blanketi likaanza kufunuka. Sauti ikapata meno, ikapata ukingo, ikawa inamfikia kama zamani. Mbuzi wa jirani walianza kulia. Mtoto fulani akaangua kilio ng'ambo ya ukuta, na mtu akagonga mabati. Husuda, Kulow akawaza. Alipiga na kupiga, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Alipogeuka, Barwaqo alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, mikono imeshika fremu ya mlango, anamtazama kama mtu aliyemaliza kusema neno na anangoja jibu.

"Unasemaje?" Kulow alimuuliza.

Barwaqo aliiachia fremu ya mlango. "Sisemi kitu," akasema. "Chakula tayari."

Ua wa Alio ulikuwa umetandwa mahema kutoka ukuta hadi ukuta. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, na pazia la kanga limefungwa katikati ambalo halikumzuia mtu kuchungulia. Nyama iliingia kwa masinia. Alio mwenyewe, mzee mfupi mwenye bakora, alizunguka akiwalazimisha wageni waongeze, na kila alipopita mbele ya bendi alimpiga Kulow begani. "Leo nataka niisikie ile!"

Hared alikuwa amefika kutoka Dadaab mchana ule na vumbi lake, hakuna nafasi ya mazoezi. "Umeipata?" aliuliza mara moja.

"Nimeipata."

Kulow alichomeka kila kitu mahali pake, akakiweka kisanduku kwenye namba moja alikohifadhi sauti yake, akaenda kuswali alasiri. Nasteho alibaki pale kuchunga vyombo. Watu walikula, wakanywa, wazee wakahutubia. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mahema bendi ilipoanza.

Wimbo wa kwanza ulikuwa ule wa kumkaribisha bibi harusi. Kulow alipiga mwanzo wake, na ua mzima ukapasuka kwa vigelegele. Wanawake waliinua pazia. Alio alisimama, akainua bakora juu, akaanza kucheza polepole na macho yamefungwa. Mtu mmoja mlangoni alisikika akisema, "Huyo Kulow!"

Kulow hakusikia. Alichosikia ni blanketi.

Blanketi limerudi! Vidole vyake viliendelea, vidole vinajua njia. Jana ilikuwa hai sauti hii. Nani ameiua? Aliwatazama watu wakicheza, akaona wanacheza kwa heshima tu, wanamhurumia. Alimwona Alio amefumba macho, akaona mzee anaona aibu. Ubeti wa pili ulipofika hakuweza kuvumilia tena. Aliinama, akaishika trebo, akaizungusha mpaka ilipokataa kwenda.

Sauti ikafunguka. Alhamdulillahi! Kulow alijinyoosha, akafumba macho naye, akapiga kwa moyo wote.

Alipofumbua, Hared alikuwa anamwelekezea kidole sikioni na kupunga mkono. Anafurahi, Kulow akadhani, anataka zaidi. Akaongeza na sauti. Wazee wa mbele walikuwa wamekunja nyuso. Mama mmoja alimfunika mtoto masikio kwa viganja vyote viwili. Bibi harusi, kwenye kiti chake kilichopambwa, aliinamisha kichwa na kujivutia mtandio masikioni, na nyanya yake mzee aliinuliwa kwa mikono na kuondolewa mbele ya spika. Alio aliacha kucheza. Alisema jambo, akiielekeza bakora kwenye spika.

Hared akaruka, akang'oa waya.

Kimya kilikuwa cha ghafla mno. Mpiga ngoma alipiga pigo moja zaidi, peke yake, akaacha.

"Umeingiwa na nini?" Hared alisema karibu na uso wake. "Ulikuwa umeipata! Ile ile! Watu wanalia kwa utamu, halafu unatuchoma masikio kwa misumari!"

"Niliipata? Ilikuwa imekufa! Mtu amekigusa kisanduku changu!"

"Ni mimi, aabo." Nasteho alikuwa amesimama kando ya spika, amejishika mikono. "Ulipokwenda kuswali. Nilirudisha zile namba. Ile ya jana ingekuaibisha."

Kulow alimpiga kofi. Mbele ya Alio, mbele ya bibi harusi, mbele ya wanaume mia na wanawake mia, alimpiga mtoto wa kike kofi la uso, naye hakuwahi kumpiga maishani mwake. Wanawake walipiga ukelele mmoja. Barwaqo alitokea upande wa pili, akalisukuma pazia mpaka likakatika kamba.

"Umeniua!" Kulow alikuwa akipiga kelele. "Wewe na Siyad! Mmeniua!"

"Kulow," Hared alisema, na sasa hakuwa na hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mtoto alikuokoa."

Kisha Kulow akaona jambo la ajabu. Alio alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto. Hared naye. Mpiga ngoma naye, na wazee wa mbele, wote, kama watu wanaomwona nge akimtambaa.

"Zima basi, sala imekaribia," Alio alimwambia, kwa upole.

"Nizime nini?"

"Saa yako."

"Saa gani? Hii? Hii imekufa. Ilikufa zamani." Kulow aliuinua mkono awaonyeshe. Kwenye kioo cha saa alama ya kengele ilikuwa inawakawaka. Akaiweka sikioni. Alisubiri. Hakukuwa na kitu, hata cha mbali. Kulikuwa na ule uvumi tu, kama nzi ndani ya dumu, aliokuwa nao tangu alipodungwa zile sindano za homa baada ya mafuriko, na ambao alikuwa ameshauzoea. Akaihamishia sikio la pili. Watu mia mbili walikuwa wanamtazama mtu mzima akisikiliza saa.

Nasteho alimkaribia, shavu limevimba. Aliushika mkono wa baba yake, akaushusha, akabonyeza kitufe kidogo cha pembeni. Kulow akaona nyuso zikilegea, moja baada ya nyingine. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba imenyamaza.

Alimtafuta Barwaqo kwa macho. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake.

"Ulijua?"

"Tangu homa ya mwaka jana." Alisema taratibu, amemwelekea, na Kulow akagundua kwamba yeye mwenyewe anautazama mdomo wa mkewe ili amwelewe, na kwamba amekuwa akiutazama hivyo kwa muda mrefu.

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia. Nilikuambia mara mbili. Mara ya pili ilikuwa jana, mlangoni," Barwaqo alisema. "Ulikuwa umenipa mgongo."

Nasteho alikuwa ameshapiga magoti, ameanza kukunja nyaya.